Tata, Tatua

Dundee, saa nane usiku. Ukungu wa bahari umepanda
kutoka mto Tay, umeziba madirisha ya ghorofa ya tatu,
nami nimeinamia jeli yenye upana wa daftari la hesabu,
natafuta mstari mmoja mweusi.

Herufi ninazozifuata ni sita tu:
T, A, T, A, A, T.
Eilidh, msimamizi wa maabara, huzitamka kama anayehesabu chenji.
Mimi siwezi. Ulimi wangu unasoma "tata",
na ulimi ukishasema tata
haupumziki mpaka usikie "tatua".

Nawe kimeng'enya husomi, usinidanganye.
Herufi milioni nne na ushei ndani ya bakteria mmoja wa utumbo,
na wewe huna jicho, huna taa;
wateleza juu ya uzi, waachia, washika tena,
kama mpangaji mgeni anayepapasa swichi ukutani.
Peke yako ungeng'ang'ania popote.
Ndiyo maana hutoki bila sigma,
mshenga wako, ajuaye milango ya watu.

Sigma hagongi kwa fujo.
Mkono mmoja kwenye TTGACA, kule juu,
mwingine kwenye tata, huku chini,
na katikati hatua kumi na saba.
Zikiwa kumi na tano, anabanwa mabega. Kumi na tisa, hafiki.
Baba yangu angemwelewa.
Alipanga herufi za risasi za ukurasa wa mashairi
gazetini, Tanga, na kabla ya kuitazama maana
alipiga mizani kwa vidole ukingoni mwa meza.
Shairi lililopungukiwa silabi alilirudisha kwa mwenyewe
hata kama lilikuwa limemliza.

Kisha jambo ambalo sijalizoea, ingawa nimelisoma mara mia:
A ya kwanza inang'oka kitandani mwake,
inageukia nje,
inaingia mfukoni mwa sigma
kama kifungo kwenye tundu lake.
T ya mwisho inafuata.
Nyuzi zilizokumbatiana zinaachana,
uwazi mwembamba, herufi kumi na tatu hivi,
nafasi ya kutosha neno la kwanza.

Hapo ndipo ninapomwaga pamanganeti,
ileile ya zambarau tuliyooshea mboga mwaka wa kipindupindu.
Huuma kila T iliyo wazi, iliyokosa mwenzake.
Palipoumwa hukatika. Palipokatika huacha mstari,
na mstari ndio ushahidi kwamba mlango ulifunguka.

Usiku huu A ile nimeing'oa, nimeweka G.
Herufi moja.
Sigma alikuja, naona alipoegemea,
akasimama kizingitini.
Hakuna mstari. Jeli nyeupe kama shuka ya hospitali.

Wala pale panapofunguka huanzi kwa ufasaha.
Una kigugumizi: herufi tatu, unazitema;
tano, unazitema; tisa,
kisha unajikwamua, unashika njia,
na mshenga anaachwa nyuma, popote pale.
Mshenga wa huku hali pilau.

Saa kumi na moja napanda kilima kwenda nyumbani.
Mlango wa chini una kengele nane, na majina pembeni.
Langu waliandika Mwanakobo.
Miaka miwili sasa M hiyo haijarudi,
lakini Bwana Lorimer wa chumba cha chini, asiyelala,
hunijua kwa ninavyokung'uta viatu ngazini:
mara mbili, kimya, mara moja.
Anafungua kabla sijatoa ufunguo.
Anasema kitu kuhusu ukungu.

Naitikia. Kichwani nimeshika kalamu:
kesho nitaweka C.